Kupanda bustani ya mzingile yenye nyumba ya sanaa: mwongozo wa Tabora na Kigoma

Mzingile, yaani bustani ya njia za kupotezana kati ya nyua za mimea, hauhitaji shamba kubwa. Ule wa Hampton Court karibu na London, uliopandwa mwishoni mwa karne ya 17 na ambao hadi leo unapoteza watu, umekaa kwenye theluthi moja ya ekari, na njia zake zote kwa pamoja zinafika kama mita 800. Kinachotakiwa ni maji, mikono ya kukata ua bila kuchoka, na subira ya misimu mitatu. Kikikosekana kimoja, utabaki na kichaka chenye nyoka.

Mwongozo huu ni wa shule, kikundi, nyumba ya wageni au familia yenye kiwanja tambarare cha mita 40 kwa 40 pembezoni mwa mji wa Tabora. Eneo hilo ni chini kidogo ya nusu ekari. Vipimo vyote hapa vimepigwa kwa kiwanja hicho. Wa Kigoma wana sehemu yao mbele, kwa sababu milima na mvua za ziwani hubadilisha mambo. Katikati ya mzingile inasimama nyumba ndogo ya sanaa: picha, batiki, vinyago, ufinyanzi. Msiione kama pambo. Mzingile usio na kitu katikati mtu huuingia mara moja tu, akishajua njia basi. Wenye picha zinazobadilishwa humpa sababu ya kurudi.

Kuunganisha mzingile na makumbusho si jambo geni. Huko Italia, katika mji wa Fontanellato karibu na Parma, mchapishaji Franco Maria Ricci alifungua mwaka 2015 mzingile wa mianzi ipatayo laki mbili, na ndani ya eneo hilo hilo akaweka mkusanyiko wake wa kazi za sanaa zipatazo 500. Mianzi ilichaguliwa kwa sababu inakua haraka, wakati miti ya jadi ya nyua za Ulaya humtaka mtu asubiri miaka mingi sana. Na wewe anza na swali hilo hilo: mmea upi utakupa ukuta kabla hujakata tamaa?

Mmea wa kupanda, na wa kukwepa

Kwa Tabora tunapendekeza haibiskasi. Inashika kwa vipandikizi, haina miiba, haina utomvu wa hatari, inafika mita mbili bila shida na inavumilia mkasi. Udhaifu wake ni vidung'ata na kiu ya mwaka wa kwanza.

Watu wengi watakushauri minyaa, kwa sababu hata ukichomeka tawi kavu kavu linaota na halidai maji. Usikubali. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza na unaweza kumpofusha mtu kwa muda, na kwenye njia nyembamba watoto watavunja matawi tu. Mchongoma nao una miiba mirefu. Uweke mpaka wa nje kabisa kuzuia mbuzi, usiuweke ndani. Duranta inapendeza, ila matunda yake ya rangi ya chungwa ni sumu na watoto huyachuma. Mianzi inataka maji mengi na njia pana, na kwa Tabora utaipanda tu kama una kisima kisichokauka mwezi Oktoba.

Kuchora

Chukua daftari la hesabu la miraba. Chora mraba wa vijumba 16 kwa 16. Kila kijumba ni mita 2.5 ardhini, kipimo kinachotoka katikati ya ua mmoja hadi katikati ya ua unaofuata. Ndani ya mita hizo 2.5, ua uliokomaa utachukua sentimita 90 na njia itabaki na mita 1.6. Usipunguze njia. Mita 1.6 inapitisha toroli, kiti cha magurudumu na watu wawili wanaopishana. Ukiweka mita moja, ua ukinenepa mwaka wa tatu utabaki na uchochoro wa kupita kwa ubavu, na hapo dawa yake ni kung'oa.

Katikati futa vijumba 4 kwa 4. Huo ni uwanja wa mita 10 kwa 10 wa nyumba. Vijumba 240 vilivyobaki ndivyo njia. Sasa unganisha vijumba kwa kufuta kuta kwa kufuata sheria moja: kila kijumba kifikike, na pasiwe na njia mbili tofauti za kufika kijumba kimoja. Ukimaliza hivyo, hesabu inajileta yenyewe: njia zote ni kama mita 600, na nyua zote, pamoja na ule wa nje, ni kama mita 700. Namba hiyo ya 700 iandike kwa wino. Miche, mbolea, maji na vibarua vyote vitahesabiwa kutoka hapo.

Mzingile wa namna hii una siri ambayo mtu wa mapokezi lazima aijue. Mgeni akiweka mkono wa kushoto kwenye ua tangu mlangoni na asiuondoe kamwe, atafika katikati, hata kama ataingia kila njia isiyopita, yaani iliyozibwa mwishoni. Akiendelea na mkono ule ule atatoka. Akitaka kurudi kwa njia aliyojia, akigeuka abadilishe mkono. Kanuni hii inafanya kazi kwa sababu nyua zimeshikana na ua wa nje. Ukitaka kuivunja, fungua kuta sita hadi nane kwenye mchoro ili njia zizunguke, baadhi ya nyua zibaki kama visiwa, na uwanja wa katikati uzungukwe na kisiwa kimojawapo. Atakayeng'ang'ania ukuta wa nje atajikuta amerudi mlangoni. Kwa mzingile wa kwanza tunashauri muuache ule rahisi. Kuta za kufungua zipo tu, mtazifungua mwaka mwingine wageni wakishazoea.

Mambo mengine matatu ya kuamua kwenye karatasi, kabla ya jembe:

Njia isiyopita isizidi vijumba vinne. Zaidi ya hapo mgeni akigundua ameliwa anakasirika badala ya kucheka. Na mwisho wake weka kitu: benchi, chungu kikubwa, kinyago cha saruji, ubao uliochorwa. Hapa ndipo sanaa inaanza kufanya kazi kabla mtu hajafika kwenye nyumba. Usiweke kinyago cha mbao chini kwenye udongo. Mchwa hawajui bei yake.

Mlango wa kazi. Kutoka ukuta wa nje hadi uwanja wa katikati ni vijumba sita, yaani mita 15. Chagua mstari mmoja ulionyooka, na kila mahali ua unapoukata mstari huo weka geti la mbao lenye komeo upande wa juu. Bila mstari huu, picha kubwa haiingii, mtu aliyezimia hatoki, na samadi itabebwa kwa kuzungushwa kona zote.

Anwani. Andika herufi A hadi P upande mmoja na namba 1 hadi 16 upande mwingine, kama ramani. Baadaye kila njia panda itapata kibao kidogo, tuseme F9, kwenye nguzo kwa urefu wa goti. Mgeni aliyepotea akipiga simu akasema "nipo kwenye maua" hakuna wa kumsaidia. Akisema F9, unamfuata moja kwa moja.

Nyumba kwanza

Jenga nyumba kiangazi cha kwanza, Juni hadi Oktoba, kabla ya kupanda chochote. Lori la matofali halipiti kwenye njia ya mita 1.6.

Tabora ina mfano wake wa nyumba inayotunza vitu: tembe. Kule Kwihara, tembe walimokaa Livingstone na Stanley sasa ni makumbusho, na ukuta wake mnene wa udongo ndio wa kuiga. Ukuta wa sentimita 45 hupoteza joto taratibu na kulipokea taratibu, kwa hiyo picha hazipigwi na joto la saa nane mchana kisha baridi ya alfajiri ya Julai. Usiige paa lake bapa la udongo. Linavuja na linakaribisha mchwa. Weka bati, chini yake dari, na katikati nafasi ya hewa yenye wavu wa kuzuia popo. Paa litokeze mita moja nje ya ukuta. Kipimo cha nje cha mita 6 kwa 5 kinakupa ndani kama mita 5.1 kwa 4.1, na nje kunabaki uwanja wa kutosha watu kukaa na kusubiriana.

Madirisha yatazame kaskazini na kusini, madogo, juu ya kichwa. Dirisha la mashariki au magharibi huingiza jua moja kwa moja, na batiki iliyoning'inia mbele yake hupauka. Msingi uwe na sakafu ya zege iliyotokeza nje ya ukuta, ili vijia vya mchwa vionekane mapema vinapopanda. Msivipake chokaa bila kuvibomoa. Vinaendelea chini ya chokaa.

Pembeni ya nyumba simamisha jukwaa la mita tatu lenye ngazi na reli. Mhudumu akiwa juu anaona vichwa vyote, na mgeni akiona jukwaa anajua katikati ni wapi, jambo ambalo humtuliza bila kumpa njia.

Msimu wa kwanza: jaribu kwa mtama

Watu hupanda miche elfu tatu kisha ndipo wanagundua kona moja inakusanya watu wote. Mchoro ujaribiwe kwa mmea wa msimu mmoja, na huku kwetu mtama mrefu wa kienyeji ndio unaofaa. Mahindi yanafaa pia, ila ni mafupi na yakichomwa watu watakumbuka mahindi tu.

Kwanza pima. Kona ya mraba inapatikana kwa kamba yenye alama za mita 3, 4 na 5: pande mbili za 3 na 4 zikikutana na ule wa 5 ukafika sawasawa, kona imenyooka. Pima pande nne za mita 40, kisha pima mshazari kutoka kona hadi kona. Mishazari yote miwili lazima iwe mita 56 na sentimita 57. Ikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 10 rudia. Kosa dogo la kona hukua kadiri unavyokwenda kijumba cha kumi na sita. Piga kigingi kila mita 2.5 pande zote mbili. Ukiondoa vya ndani ya uwanja wa nyumba, ni vigingi 280. Mistari ya nyua itie chokaa au majivu kwa kufuata daftari, mtu mmoja akisoma na mwingine akimwaga.

Mvua za Tabora hushika katikati ya Novemba. Subiri udongo ulowe kiganja kizima kwenda chini, ndipo upande, kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba. Kila ua uwe na mistari mitatu, sentimita 35 kati ya mstari na mstari, na shimo kila sentimita 15 lenye mbegu tatu. Kilo mbili zinatosha eneo lote na akiba inabaki. Punguza uache mche mmoja ukifika urefu wa kiganja. Njiani palilia mara mbili. Njia yenye magugu haitofautiani na ua na mgeni atapita anapotaka.

Mtama mchanga, na unaochipua tena baada ya kukatwa, una sumu kwa mbuzi na ng'ombe. Zuia mifugo, na mwambie jirani mapema, kabla ya maneno.

Kufikia mwishoni mwa Februari mtama umempita mtu mzima. Fungua kwa wanafunzi na majirani, na angalia mambo matatu: wapi wanakata ua kupita kwa mkato, wapi wanasongamana, na wanatumia dakika ngapi. Mtu akipita njia zote kwenda na kurudi anatembea kilomita 1.2, kwa mwendo wa kuzubaa kama dakika 25. Wengi wakifika katikati chini ya dakika 10, mchoro ni mwepesi. Wakizidi 40, watoto wataanza kulia. Rekebisha kwenye daftari, usirekebishe kichwani.

Mtama ukianza kukauka, funga. Majani makavu na kipisi kimoja cha sigara vinatosha. Vuna Mei, ng'oa visiki, acha vigingi.

Mtaro, miche na msimu wa pili

Chimba mwezi Mei udongo ungali na unyevu. Ukisubiri Septemba, kibarua atakutoza mara mbili na atakuwa na haki. Usichimbe mashimo moja moja. Chimba mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 45 kwenye mistari yote, udongo wa juu upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza kabisa, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita. Hizo ni ndoo 700, yaani mita za ujazo 14, au tripu tatu hadi nne za Canter. Samadi mbichi inaita mchwa na inaunguza mizizi. Rudisha mchanganyiko, juu yake udongo wa chini, uache ushuke hadi mvua.

Kitalu kinaanza Agosti. Kata vipandikizi vya haibiskasi vya sentimita 15 hadi 20, unene wa penseli, kwenye tawi ambalo si teke wala halijawa kuni. Kila kimoja kiwe na vifundo vitatu au vinne. Ondoa majani ya chini, yale ya juu mawili yakate nusu. Zamisha nusu ya kipandikizi kwenye kiriba chenye mchanga na samadi laini, chini ya kivuli cha nyasi. Mizizi hutoka kwa wiki nne hadi sita. Kuona jani jipya si ushahidi wa mizizi: kipandikizi hutoa jani kwa akiba yake kisha kikafa. Vuta taratibu, kikigoma, kimeshika. Miche unayohitaji ni 2,800 pamoja na akiba ya 400, na vipandikizi vingine hufa, kwa hiyo kata 4,000. Panga ndoo 30 hadi 40 za maji kwa siku kwa kitalu chote.

Panda mvua ikishashika, ukianzia katikati kwenda nje. Aliyeanzia nje hujifungia toroli. Kila ua una mistari miwili, sentimita 40 kati yake, mche kila sentimita 50, ya pili ikikaa mkabala na pengo la ya kwanza. Nguzo zilizotiwa dawa zisimame penye vigingi, na katikati ya mistari pita nyaya mbili laini, moja kwa sentimita 40 na nyingine kwa sentimita 90. Nyaya hizi ndizo zinazomzuia mtu wa mkato miaka miwili ya kwanza, baadaye zinamezwa na majani. Waya wa miiba usiutumie ndani.

Njia zipandishe katikati kwa sentimita tano, ili mvua iteremke kwenye mitaro ya miche badala ya kusimama njiani. Changarawe ni gharama: kuifunika njia yote kwa sentimita tano kunataka mita za ujazo 48. Weka mlangoni, kwenye mlango wa kazi na kona zinazosimama maji, kwingine ardhi iliyofagiliwa inatosha. Udongo wa kichuguu unapendeza ukikauka, mvua ikinyesha unateleza vibaya.

Maji ya kiangazi cha kwanza

Hapa ndipo mizingile mingi inakufia. Kuanzia Mei hadi Oktoba, kila mche unataka lita tano walau kila siku kumi. Mara moja tu ni lita 14,000, ndoo 700. Kama huna njia ya kupata kiasi hicho, panda nusu ya mzingile msimu huu na nusu ujao. Nusu iliyo hai ni bora kuliko nzima yenye mapengo.

Umwagiliaji wa matone hupunguza kazi sana. Mpira mmoja unapita katikati ya mistari miwili, matundu kila sentimita 30. Gawa mita 700 katika kanda saba za mita 100. Kanda moja yenye matundu yanayotoa lita 1.6 kwa saa hutumia kama lita 530 kwa saa, na saa tatu zinatoa takriban lita nne kwa mche. Simtanki likae juu ya mnara wa mita mbili, na mpira mmoja usizidi mita 30 kutoka bomba kuu, la sivyo miche ya mwisho haipati kitu. Chujio lisafishwe kila wiki. Maji ya kisima yana mchanga.

Matandazo ya nyasi weka, lakini yaache umbali wa kiganja kutoka shina, kwa sababu ya mchwa.

Mkasi

Kosa la kila mtu ni kuuacha ua urefuke kwanza, akidhani atanenepesha baadaye. Ua uliorefuka bila kukatwa unakuwa na miguu mitupu, na watoto wanapita chini. Mche ukifika sentimita 40 ukate hadi 30. Ukifika 70 kata hadi 55. Endelea hivyo, kila mkato ukiongeza kidogo, hadi mita mbili. Umbo liwe pana chini na jembamba juu, sentimita 90 chini na 60 juu, ili jua lifike majani ya chini. Funga kamba kati ya nguzo kabla ya kukata. Jicho hudanganya, hasa jioni.

Vidung'ata wakionekana kama pamba nyeupe kwenye vichipukizi, kata ncha hizo uzichome, kisha pulizia maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai kwa lita, jioni, na kurudia baada ya wiki. Pengo la mche uliokufa lizibwe msimu uleule kwa ile akiba ya kitalu. Mche uliopandwa miaka miwili baadaye kati ya wenzake waliokomaa hauoni jua.

Kutundika na kutunza

Kitovu cha picha kikae sentimita 150 kutoka sakafuni; kama wageni wako wengi ni wa shule ya msingi, shusha hadi 135. Nyuma ya kila fremu gundisha vipande vinne vya kizibo au mbao vya sentimita mbili, hewa ipite. Picha nyingi za Tingatinga, hasa za zamani, zimechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi, na hadibodi iliyobanwa ukutani msimu wa mvua hupinda. Mwanga: batiki, nguo na karatasi zisizidi luksi 50, picha za rangi ya mafuta luksi 200. Programu ya simu ya kupima mwanga haina usahihi kamili, ila itakuonyesha ukuta upi umezidi.

Kinyago kipya kisiingie ndani siku kinapofika. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, juu ya karatasi nyeupe, wiki tatu. Ukikuta unga laini kwenye karatasi, kuna bungua. Kidogo kinachoenea kwenye friza kiache humo ndani ya plastiki wiki mbili kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na ukikitoa usifungue plastiki hadi kipate joto la chumba, la sivyo kitalowa.

Kila kitu kiwe na namba kwenye daftari la mali, picha yake, vipimo, mtengenezaji, na jinsi kilivyopatikana. Andikianeni na msanii ni nani anaruhusu kazi ipigwe picha au kuchapwa kwenye kadi. Hakimiliki ni yake, na COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo yenye dhamana ya mambo hayo. Mtu akikuletea kiti cha enzi cha zamani au kitu kilichochimbwa ardhini, usinunue. Vitu vya kale vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na mahali pa kuuliza ni Idara ya Mambo ya Kale.

Kwa wa Kigoma

Mvua zenu huanza mapema na kuchelewa kwisha, kwa hiyo maji ya kiangazi ni mzigo mdogo, lakini mteremko ni adui. Kiwanja kinachoshuka zaidi ya mita mbili kwenye mita 40 kisichorwe kwa miraba. Nyua ndefu zifuate mkingamo wa mteremko, na njia za kushuka ziwe fupi, zenye ngazi za mawe. Njia ndefu inayoshuka moja kwa moja itakuwa korongo kwa msimu mmoja. Usiipandishe njia katikati kama Tabora. Ielekeze upande mmoja, kwenye mfereji.

Bondeni karibu na mto Luiche udongo unatuamisha maji na mizizi ya haibiskasi huoza. Panda juu ya tuta la sentimita 20, au badili mmea. Hapo mianzi ya vichaka inafaa, ila kijumba kiwe cha mita nne, na kiwanja cha mita 40 kitabaki na vijumba 10 kwa 10. Vichipukizi vinavyotokea njiani vikatwe kila wiki wakati wa mvua vikiwa laini. Kisiki cha mwanzi kilichokomaa kinatoboa kandambili. Ndani ya nyumba tatizo lenu ni ukungu. Fungueni madirisha asubuhi za siku kavu, fungeni jioni, na picha zisikae nyuma ya kioo kilichogusana na karatasi.

Siku ya wageni

Asubuhi, kabla ya tiketi ya kwanza, mtu mmoja apite njia zote na fimbo, akigonga chini ya nyua. Nyoka hukimbia akisikia. Anayekanyagwa ndiye anayeuma. Kuanzia Julai kata majani na safisha ukanda wa mita tano kuzunguka kiwanja chote, kwa sababu ya moto wa nyika.

Ndani wasizidi watu 60, yaani mtu mmoja kwa kila mita kumi za njia. Wanafunzi waingie kumi kumi na kiongozi mmoja, dakika tano kati ya kundi na kundi, na kwenye nyumba ya sanaa wasikae zaidi ya kumi na wawili kwa wakati mmoja. Maji ya kunywa yawe mlangoni na katikati. Choo kiwe nje, karibu na mlango, na mgeni aambiwe hivyo kabla hajaingia. Hakuna atakayekushukuru kwa kumwacha agundue mwenyewe akiwa kijumba cha H11.

Kila anayeingia apewe kipande cha mbao chenye namba, akirudishe akitoka. Kuhesabu vichwa kwa macho hakufai, kwa sababu watoto hutoka, huingia tena na kubadilishana kofia. Fungua saa 2 asubuhi, tiketi ya mwisho saa 10 jioni, na saa 11 mhudumu wa jukwaani apige filimbi. Hesabu vipande ubaoni. Namba inayokosekana itafutwe kwanza kwenye njia zisizopita zenye mabenchi, kisha kwenye nyumba, na geti la mlango wa kazi lisifungwe kufuli hadi ubao ujae.